UZI: Pesa za injini za ndege za jeshi: tununue injini za akiba au tufupishe muda wa kungoja?

Mstaafu_Nyakach (mwenye uzi)

Wadau, hamjambo. Kila Juni bajeti ikisomwa, gumzo hapa Kisumu ni lile lile, na nasikia hata Nakuru karibu na Lanet ni hivyo hivyo: jeshi limenunua ndege gani, ngapi, kwa bei gani. Sijasikia mtu akiuliza ni ngapi zina injini ya kuwashwa kesho asubuhi. Nilikuwa fundi wa injini katika jeshi la anga, sasa nalima mpunga huku Nyakach, na jua likizama nina muda wa kuandika.

Tuelewane mapema. Sisemi ya kambini. Idadi ya ndege zinazoruka na zilizolala msiniulize. Hesabu nitakazoweka ni za kubuni, za kuonyesha njia tu. Na ajali ya helikopta ya Kaben ya Aprili 2024 iliyomchukua mkuu wa majeshi, Jenerali Ogolla, na wanajeshi wenzake haijadiliwi humu. Alego ni jirani zetu, na kuna watu humu waliomzika.

Hoja yangu ni moja. Pesa zikiwa chache, shilingi ya kwanza iende kufupisha muda ambao injini inakaa nje ya ndege. Injini za akiba zifuate, na ndege mpya zije mwisho kabisa.

Kazi ya injini ina ngazi tatu. Ya kwanza hufanyika pale pale ndege inapoegeshwa: oili inabadilishwa, sampuli yake inapelekwa kupimwa chembe za chuma, fundi anapitisha boroskopu (ile kamera nyembamba kama uzi wa seng'enge) kwenye tundu na kuchungulia kompresa (inayobana hewa) na turbini (inayozungushwa na gesi ya moto) bila kufungua kitu. Ya pili ni karakana ya kambi. Injini inashushwa, inagawanywa vipande vikubwa, kibovu kinatoka, kizima kinaingia. Ya tatu ni karakana kuu. Huko inafunguliwa yote, blade (yale mapanga yanayozunguka) zinapimwa moja moja, inafungwa upya, inapelekwa chumba cha majaribio na kungurumishwa kwa nguvu zote kabla ya kupewa cheti. Nchi nyingi za ukubwa wetu hupeleka ngazi ya tatu ng'ambo.

Sasa sanduku la kusafirisha injini likishafungwa ndipo saa inaanza kuhesabu. Kama injini asili yake ni ya kijeshi ya Marekani, mfano J85 ya ndege ya kivita F-5, unahitaji kibali cha serikali yao. Halafu unapanga foleni kwa mtengenezaji. Injini inafunguliwa, unaletewa ripoti ya yaliyoonekana ndani, na bei inapanda palepale. Kwotesheni mpya inarudi nyumbani kutafuta sahihi. Sahihi ikipatikana, spea haipo, inaagizwa. Inafungwa, inajaribiwa, inasafirishwa, inalala forodhani. Ukitoa muda wote wa karatasi na foleni, muda wa spana unabaki mdogo mno. Lakini tukiomba pesa zaidi, tunaomba za spana.

Karibuni. Matusi hapana.

---

Section58_Nakuru

Mzee shikamoo. Mimi nina matatu za Nakuru–Kisumu kwenye sacco, na sisi hatupigi hesabu ndefu. Kila magari kumi, giaboksi moja iko stoo. Ikilia, inatolewa, ile ya stoo inaingia, gari linarudi barabarani siku hiyo hiyo. Kwa nini jeshi lisinunue injini kadhaa za akiba, mchezo uishe?

---

BukhunguBoy

Section58 giaboksi yako ni ya Japani, imetoka Kirinyaga Road. Injini kama hiyo J85 mtengenezaji alifunga laini ya kuitengeneza zamani 😂

---

Takwimu_Maseno

Nimesomea takwimu Maseno, ndege naziona juu ya Kisian tu zikishuka. Lakini swali la Section58 lina jibu la hesabu, na jibu lenyewe linampa Jaduong' (mzee wetu mwenye uzi) haki.

Tubuni kikosi cha ndege 12, kila moja injini mbili, kila ndege iruke saa 150 kwa mwaka. Hizo ni saa 3,600 za injini. Tuseme kwa wastani injini inashushwa kila baada ya saa 300, kwa sababu yoyote: imefika muda, imemeza ndege wa angani, oili imeonyesha chuma. Unapata injini 12 kwa mwaka, moja kila mwezi.

Ikiwa kila moja inachukua miezi 6 kurudi, wakati wowote ukihesabu utakuta wastani wa injini 6 ziko njiani. Ni kuzidisha tu: moja kwa mwezi mara miezi sita. Mswidi mmoja, Conny Palm, alionyesha mwaka 1938 akishughulika na simu kwamba hitilafu zikija bila mpangilio, idadi iliyo njiani inafuata mgawanyo wa Poisson (kanuni ya kukadiria uwezekano wa kila idadi ukijua wastani tu) wenye wastani huo, hata muda wa matengenezo ukiwa wa umbo gani. Wana-logistiki wa jeshi la anga la Marekani walilichukua jambo hilo baadaye.

Section58 atasema: basi tununue 6 za akiba. Tatizo ni kwamba 6 ni wastani. Kuna miezi ziko njiani 4, kuna miezi ziko 9. Ukiwa na 6 kamili, karibu asilimia 39 ya wakati kuna ndege iliyokaa bila injini. Ukitaka kuwa salama karibu asilimia 92 ya wakati, unahitaji 9.

Sasa usinunue kitu. Punguza miezi 6 iwe 3. Wastani wa zilizo njiani unashuka hadi 3, na kwa usalama ule ule wa asilimia 92 unahitaji injini 5. Injini nne nzima umeziokoa bila kuzinunua. Kama injini moja ni shilingi milioni 100 (nimebuni), hizo ni milioni 400 ambazo unaweza kutumia kuharakisha karatasi, na bado ukabaki na chenji.

Giaboksi za sacco yenu zinafanya kazi kwa sababu kubadilisha ni siku moja na kununua nyingine ni safari ya Nairobi. Ingekuwa giaboksi inakaa miezi sita kwa fundi, moja kwa magari kumi isingetosha na mngeanza kugombana kwenye mkutano wa sacco.

---

Section58_Nakuru

Tunagombana hata sasa. Lakini hapo nimekuelewa.

---

Mstaafu_Nyakach

Takwimu, Mungu akubariki. Nimefanya kazi hii miaka mingi na hiyo 39 sikuwahi kuiona ikiandikwa, ingawa tuliiishi.

Nipanue kidogo. Injini zetu hazifanani, kwa hiyo pesa haziwezi kugawanywa sawa kwa sawa. Tangu uhuru jeshi la anga limerusha Strikemaster, Hunter, Hawk, F-5, Buffalo, Tucano, Dash 8, Y-12, Puma, Hughes 500, Huey, na sasa C-27J Spartan zilizochukua nafasi ya Buffalo. Nimeacha nyingine. Karibu kila moja ina injini ya ukoo wake, na kila ukoo unataka spana zake, vitabu vyake, kozi yake ya fundi na rafu yake stoo. Mtu akitangaza ndege mpya, mimi husikia pia karakana mpya ambayo haijatangazwa.

Nazigawa hivi. Kuna injini zenye ndugu wengi wa kiraia. PT6A-27 ya Y-12 ni ya ukoo ule ule unaosukuma Twin Otter na Cessna Caravan, na Wilson pale Nairobi Caravan zimejaa. Mafundi wapo, spea zipo, na muda wa kufunguliwa yote, kwa kawaida saa 3,600, umeandikwa na unajulikana. AE 2100 ya Spartan inashirikiana na ndege ya mizigo C-130J, kwa hiyo foleni ni ndefu lakini mlango uko wazi.

Halafu kuna yatima. J85 utengenezaji wake ulikoma 1988. Ilikuwa na ndugu wa kiraia, CJ610 ya Learjet za kwanza, lakini huyo naye ni mzee. Kinachoiokoa ni kwamba Marekani bado wanarusha T-38 kwa mafunzo, nayo inatumia J85 ya toleo jingine, kwa hiyo soko la spea halijafa. Siku T-38 zikistaafu, bei ya kila kipuri kilichobaki itakuwa ya mwenye nacho.

Kwa hiyo za kiraia zipelekwe kwa mashirika, kwa mkataba, na jeshi lisijisumbue kununua mtambo. Pesa za ndani, mafundi wa ndani na stoo ya ndani ziwe za yatima. Tukifanya kinyume tutajenga karakana nzuri ya PT6 huku F-5 inasubiri bomba la mafuta.

---

Eldy_Runway

Wakuu, mbona hamtaji Eldoret? Runway yetu inakaribia kilomita tatu na nusu, Moi Barracks iko hapa, kiwanda cha risasi kiko hapa, Moi University inafundisha mambo ya anga. Jengeni karakana kuu ya injini hapa, injini zisitoke nchini. Muda unakatika wenyewe.

---

DalaKisumu

Eldoret? Kisumu! Jeshi tayari limeonyesha linaweza kutengeneza mitambo hapa. MV Uhuru ilikuwa imelala miaka, KDF wakaja na watu wa reli, 2019 ikarudi majini kubeba mafuta hadi Uganda. Kenya Shipyards ikaanzishwa 2020, MV Uhuru II ikajengwa hapa hapa. Meli tumeweza, injini ya ndege itatushinda? Na Kisumu ni ya usafiri wa anga tangu zamani, Imperial Airways walikuwa wakitua ziwani na ndege za maji miaka ya 1930.

---

Mstaafu_Nyakach

DalaKisumu, naipenda shipyard na nimeitembelea. Lakini meli ikizima katikati ya ziwa unateremsha nanga unapiga simu.

Eldy, tatizo lenu ni wingi. Chukua ile hesabu ya Takwimu: injini 12 kwa mwaka, na si zote zinahitaji kufunguliwa kabisa. Chumba cha majaribio cha injini ya jeti kinajengwa kwa pesa nyingi, kinapimwa upya kila baada ya muda, na kinahitaji watu wanaokijua kwa moyo. Fundi anayefungua injini nzima mara tatu kwa mwaka atasahau. Mkono wa kazi hii hukaa sawa kwa kurudia. Ndiyo maana hata nchi tajiri hukusanya kazi sehemu moja. Marekani wana karakana kuu ya Tinker kule Oklahoma inayohudumia injini za jeshi zima la anga.

Na hata Tinker ilikwama. F-35 ina injini inayoitwa F135. Mwaka 2021 zaidi ya F-35 arobaini za Marekani zilikuwa chini kwa kukosa injini. Kipande kinachoitwa moduli ya nguvu, sehemu ya moto kabisa, kilikuwa kinachakaa mapema kuliko ilivyotarajiwa, na karakana ilichukua zaidi ya siku 200 kukirudisha wakati lengo lilikuwa 122. Ndege zilikuwapo na bajeti ya kutisha ilikuwapo. Wakarekebisha kwa kuongeza zamu, spana, mafundi na moduli za akiba.

Nikipewa kura, Eldoret au Kisumu ningeweka ngazi ya pili iliyoimarishwa: kushusha, kugawanya, kubadilisha moduli, kupima oili. Ngazi ya tatu ningeitafuta pamoja na majirani wenye injini za ukoo mmoja nasi. Peke yetu hatuna injini za kutosha kushibisha kiwanda.

---

Stoo_Milimani

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa niingie. Nimefanya manunuzi katika shirika moja la umma (lisilo la jeshi, na silitaji), tulikuwa na injini za kupeleka nje. Jaduong' anasema muda unaliwa na karatasi. Niwaambie karatasi gani.

Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni. Pesa ambayo haijatumika inarudi Hazina. Injini imepelekwa Februari, imefunguliwa Aprili, ripoti ya ndani inakuja Mei: blade za turbini zimepasuka, mlipe zaidi ya kiwango cha mkataba kwa asilimia fulani. Kiwango kikizidi, lazima kamati ikae upya. Kamati ina watu watano, wawili wako warsha Naivasha. Ikikaa ni Juni 20. LPO (hati ya kuagiza) ikitoka, mfumo umefungwa. Julai mnaanza na kasma mpya ambayo bado haijafunguliwa, na deni la mwaka jana linaingia foleni ya bili zisizolipwa. Karakana ya nje haina haraka. Injini yako inasukumwa pembeni kwenye meza yao na ya mteja anayelipa inaingia. Hapo miezi minne imekwenda na hakuna mtu hata mmoja aliyegusa boliti.

Watu wakisikia jeshi lina ununuzi wa siri chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 hudhani mambo yanakwenda haraka. Siri haifuti mwaka wa fedha. Inapunguza tu watu wanaoweza kuuliza kwa nini mmechelewa.

---

Section58_Nakuru

Kwa hiyo mama, injini inangoja kalenda?

---

Stoo_Milimani

Ndiyo. Na wanaoijua kalenda hiyo vizuri ni wauzaji. Kwotesheni za Mei huja na bei ya Mei.

---

Msafara_Garissa (nyumbani Kakamega)

Mnasahau mahali injini zinapofanyia kazi. Mimi ni dereva wa malori ya misaada, nimekaa mpakani tangu jeshi lilipoingia Somalia Oktoba 2011. Helikopta ikitua pale hamuoni mtu mita kumi. Lile vumbi linakwenda wapi kama si ndani ya injini?

---

Mstaafu_Nyakach

Ahsante, nilikuwa naliwekea nafasi.

Mchanga unafanya mambo mawili. Kwanza unasugua blade za kompresa ukingoni hadi zinabadilika umbo, hewa inabanwa vibaya, injini inakula mafuta zaidi kwa nguvu ile ile. Pili, ule mwembamba zaidi unapita, unayeyuka kwenye moto na kuganda juu ya blade za turbini kama kioo, unaziba vitundu vidogo vya kupoza. Blade isiyopozwa haidumu. Pwani ya Kismayo ongeza chumvi, kutu inaanza ndani ambako huioni.

Na kuna mwinuko. Nanyuki iko karibu mita 1,900, Eldoret inapita 2,000. Hewa ni nyepesi. Helikopta ikibeba mzigo ule ule Eldoret adhuhuri, rubani anasukuma injini karibu zaidi na kikomo cha joto kuliko angefanya Mombasa alfajiri. Saa moja ya daftari kule juu au kwenye vumbi si sawa na saa moja ya ufukweni, lakini bajeti huandikwa kwa saa za daftari. Mwaka wa mafuriko Budalang'i na Nyando, helikopta zikitumwa kuokoa watu, saa zinaongezeka na hakuna aliyezipangia injini.

Dawa yake ya bei rahisi inachekesha. Kuosha kompresa. Maji safi yasiyo na madini, sabuni maalum, injini inazungushwa bila kuwashwa, inakaushwa. Kila jioni ikibidi. Na vichujio vya hewa mdomoni. Ungeuliza mimi nitumie wapi milioni ya kwanza, ningeanza na matangi ya maji safi na vijana wa kuosha kabla ya kitu chochote chenye nambari ya mtengenezaji.

---

Fundi_Kibuye

Mzee swali la kienyeji. Ikikosekana spea kwa nini msitoe kwenye ndege mbovu muweke kwenye nzima? Sisi hapa Kibuye ndiyo maisha.

---

Mstaafu_Nyakach

Tunatoa, dunia nzima inatoa. Wakaguzi wa bunge la Marekani waliandika 2001 kwamba jeshi lao la anga na la maji walinyofoa vipuri namna hiyo karibu mara 850,000 ndani ya miaka mitano. Lakini kila unyofoaji ni kazi mara mbili: unafungua kule, unafunga huku, halafu siku moja unafungua huku tena. Unaweza kuharibu kizima ukikitoa. Na ndege iliyonyofolewa kwanza inageuka rafu. Mwezi wa kwanza ni pampu, mwezi wa tatu ni mabomba, mwaka ukiisha haina cha kurudisha, ingawa kwenye karatasi bado ni ndege.

Kibaya zaidi kwa bajeti, unyofoaji unaficha upungufu. Kamanda anaona ndege inaruka, Hazina inaona ndege inaruka, na ombi la spea linaahirishwa.

---

Takwimu_Maseno

Hapo ndipo kuna hesabu nyingine tamu. Miaka ya 1960 Craig Sherbrooke wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, alitengeneza mfumo ulioitwa METRIC kwa jeshi la anga la Marekani. Kabla yake kila kipuri kilipewa akiba kwa sheria yake, kana kwamba vingine havipo. Yeye akauliza: nikiwa na shilingi moja zaidi, kipuri gani nikiongeza kitapunguza zaidi ndege zinazosubiri? Unanunua hicho. Kisha unauliza tena.

Ukifanya hivyo unashangaa pesa zinakokwenda. Mara nyingi hazianzi na injini nzima. Zinaanza na vitu vidogo vya bei ndogo vinavyoharibika mara nyingi: plagi za kuwashia, nozeli za mafuta, sili, vipima joto. Injini ya mamilioni inakaa chini kwa sababu ya sili ya bei ya mbuzi. Lakini hakuna waziri atakayekata utepe mbele ya katoni ya sili, kwa hiyo haziombwi kwa sauti.

---

Eldy_Runway

Sawa. Na hii mikataba ya kulipa kwa saa? Nimesoma mashirika ya ndege hayamiliki shida ya injini tena, yanalipa kila saa inayoruka na mtengenezaji anajijua.

---

Mstaafu_Nyakach

Ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Bristol Siddeley walianza 1962 na injini ya Viper kwenye ndege ndogo za abiria. Viper hiyo hiyo, toleo jingine, ndiyo ilisukuma Strikemaster zetu tulizopata mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Uzuri wake ni kwamba muuzaji anaumia injini ikikaa chini, kwa hiyo anafupisha muda bila kusukumwa. Na bajeti inatabirika: saa ulizopanga mara bei ya saa. Ubaya wake kwetu ni mawili. Jeshi haliruki kwa ratiba; mwaka wa amani unalipa kiwango cha chini hata usiporuka, mwaka wa mafuriko au vita unapita kiwango. Na mafundi wako wanabaki kufungua masanduku. Baada ya miaka kumi hakuna anayejua ndani, na mwenye mkataba anajua hivyo siku ya kuandika mpya.

Kwa PT6 na AE 2100 ningesaini, na kifungu cha faini kwa kila siku ya kuchelewa. Kwa yatima hakuna atakayekuuzia mkataba huo kwa bei ya maana.

---

MamaSpana_Naks

Niongeze la watu, maana hamjaligusa. Mume wangu ni fundi wa ndege, alitoka jeshini akaenda uraiani, na sasa anafanya Ghuba. Simlaumu yeye wala jeshi. Fundi mwenye leseni na uzoefu wa turbini anatafutwa kila mahali, na mshahara wa huko hauna ubishi. Jeshi linamsomesha, linamlea, akikomaa anaondoka. Mkinunua boroskopu kumi bila mtu anayeweza kuangalia ufa akasema huu unaruka, huu hauruki, mmenunua kamera.

---

Stoo_Milimani

Na kasma ya mafunzo ndiyo ya kwanza kukatwa kwenye bajeti ya nyongeza. Kila mwaka. Kwa sababu kozi ikiahirishwa hakuna kinachozima leo.

---

Section58_Nakuru

Mzee, tumalizie. Nikupe bilioni moja, ya kubuni kama zenu. Unaigawaje?

---

Mstaafu_Nyakach

Bila kufikiria sana: kama milioni 350 zikae kwenye mkataba wa matengenezo wa miaka mingi, bei ya yatakayoonekana ndani ikubaliwe kabla sanduku halijaondoka, ili kamati isikae upya kwa kila blade. Robo ya pesa, au zaidi kidogo, inunue moduli chache na vile vitu vidogo vya Sherbrooke, kwa yatima kwanza. Milioni 200 kwa watu: kozi, posho ya ujuzi, na mkataba kwa wastaafu warudi kufundisha (naam, najipigia debe). Vifaa vya kupimia, maji ya kuoshea, maabara ya oili, labda 100. Kinachobaki nakiacha wazi kwa mafuriko na vumbi.

Injini nzima mpya, sifuri mwaka wa kwanza.

---

Takwimu_Maseno

Sifuri ni kali, Jaduong'. Muda hautashuka kutoka miezi 6 hadi 3 siku ya kusaini. Mwaka wa kwanza bado uko kwenye ile asilimia 39. Kodi injini mbili za muda mpaka foleni ifupike.

---

Mstaafu_Nyakach

Kwa PT6 kukodi kunawezekana, soko lipo. J85 utaikodi kwa nani? Lakini nakubali, toa 60 kwenye zile 350 ukodi za kiraia.

---

Stoo_Milimani

Mkishakubaliana, mkataba wa miaka mingi uombewe idhini mapema, maana unafunga bajeti za miaka ambayo bunge halijapitisha. Na ombi la moduli liingie Julai wiki ya kwanza. Likiingia Machi, mimi nawaambia kutoka stoo, mtaletewa Machi nyingine.